Wavu Wangu Mwenyewe

Leo nimepatikana. Nawaandikia barua pepe hii wote kwa pamoja, nisije nikarudia aibu kwa kila mmoja.

Mnajua kazi yangu: nanasa ndege kwa wavu mwembamba, nawatia kwenye mfuko wa kitambaa, nawavisha vipete miguuni, nawaachilia. Tangu muhula uanze nimekuwa nikiwafundisha kazi hii wanafunzi wasioona wa shule moja ya Thika. Leo tulikuwa Ruiru, kando ya mto, chini ya mashamba ya kahawa. Na leo mwalimu wao mkuu, Bi. Wambui, alikuja kujionea mwenyewe. Anaogopa wataumia. Akiona hatari, ziara zimekwisha. (Nimewazoea watoto hawa mpaka Jumapili nawakumbuka. Msimwambie mtu.)

Kando ya njia nilikuwa nimefunga kamba. Wanafunzi huifuata kwa mkono, na wakifika kwenye fundo husimama, maana mbele kuna wavu. Wote wakafika kwenye fundo. Wote wakasimama.

Mimi je? Mimi nilikuwa natembea kinyumenyume, nikimhutubia Bi. Wambui!

"Usiwe na wasiwasi, Madam. Hawa siwaondolei macho hata da—"

Pwaa!

Vifungo vya sweta, herini, nywele nilizosukwa juzi, vyote wavuni. Nilivyozidi kujitoa ndivyo nilivyozidi kunaswa. Mwishowe nikaketi matopeni.

"Kuna kitu kubwa imeingia!" akasema Njeri, msichana wa Kidato cha Pili.

"Ni mimi," nikajibu kwa sauti ndogo.

"Ngai! Ni teacher!"

Wakacheka, wakacheka! Kisha Njeri akawanyamazisha. "Msimvute. Si alituambia tuanze na miguu?"

Wakapiga magoti kunizunguka. Vidole polepole, uzi baada ya uzi, vilevile nilivyowafundisha kumtoa ndege kama shorwe. Mmoja akaniwekea kiganja mgongoni. "Roho yake inapiga mbio. Ongeeni pole pole, ameshtuka."

Jamani, machozi yalinilengalenga. Sikumbuki ni lini nilishikwa kwa upole namna ile.

"Tumuweke kwa mfuko?"

"Hawezi toshea."

"Na pete tumvishe?"

(Mama yangu angefurahi, hata kama ni ya mguuni.)

Waliponitoa, wavu haukuwa umekatika hata uzi mmoja. Nikasimama, nikajipangusa tope, nikamgeukia Bi. Wambui nikijua basi, yamekwisha. Kumbe alikuwa anajifuta macho kwa leso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Ziara ziendelee," akasema alipopata pumzi. "Hawa watoto sina wasiwasi na wao tena. Ni wewe sasa. Usiende huko mtoni bila wao."

Nimekubali. Nanyi chekeni leo mmalize, tafadhali, maana Jumatatu tukikutana nataka heshima yangu.