Mwonjaji wa Rubisi wa Nemba

Jumatatu, 3 Juni
Watu watatu tu kilabuni leo, na mmoja alikuja kuomba kiberiti. Wengine wote wako ng'ambo ya barabara kwa Deodata, mjane aliyeanza kukamua ndizi juzi juzi! Kaweka viti vya plastiki. Kaweka redio. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, anaiuza kwenye chupa zenye vifuniko, ati usafi. Mfyuu! Dawa ya kikohozi hiyo. Marehemu baba aliinywesha Nemba nzima kwa vibuyu, hakuna aliyelalamika. Mke wangu Scolastica kasema na sisi tununue viti. Kasema gulio la Jumamosi tukikosa wateja, tunafunga. Woga tu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Mila yetu, mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mteja, ijulikane hakutia kitu. Deodata hanywi kabisa. Nimezunguka kwa watu nikiuliza kwa upole: hivi mmewahi kumwona akionja? Sikumtuhumu mtu. Nimeuliza tu. Kufika jioni kijiji kizima kinauliza. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Alhamisi, 6 Juni
Lo! Deodata kamwajiri Ng'washi, lile jitu la Kisukuma, aonje kila chupa hadharani. Anaonja, anafumba macho, anaimba wimbo wa kulimia. Wajinga wanashangilia na kuagiza tena. Wamejaa kuliko jana! Scolastica kauliza kama huu ndio mpango wangu.

Jumamosi, 8 Juni
Gulio. Wateja kumi na mmoja! Kila mmoja kadai nionje kwanza, tena kila kibuyu, maana siku hizi watu wameamka. Sijui nani kawaamsha. Nimeonja. Wanasema kufika saa tano nilimwamkia beberu wa mzee Shibuda shikamoo, nikamgombeza kwa kutoitikia. Wanasema mtungi wa mwisho niligawa bure. Uzushi! Scolastica kafunga kilabu cha baba kwa kufuli, ufunguo kauficha. Hilo limeniuma.

Jumapili, 9 Juni
Kichwa! Ng'washi kaenda Nyantakara kulima. Deodata kaja mwenyewe. Kasema, kaka Novatus, jana gulio zima limeona hakuna anayeonja kwa moyo kama wewe, njoo uonje kwangu, nitakulipa. Scolastica kaitikia kabla sijafungua mdomo.
Nimekubali. Maskini Deodata, hajui kamkaribisha nani! Nitamnywea biashara yote mpaka chupa ya mwisho. Naanza kesho asubuhi.