Jogoo Nambari Moja

Rogath alikuwa ameegemea pikipiki yake nyekundu stendi ya Nachingwea alipomwona mgeni wa Dar akitoa laki mbili taslimu kwa karatasi moja. Papo hapo akatokea abiria wa Ruponda, Rogath akamwambia apande nyingine. Mtu mwenye akili haondoki mahali ambapo laki mbili zinabadilishwa na karatasi.

Karatasi yenyewe ilikuwa na jogoo mwenye miwani ya jua, amesimama juu ya gunia la korosho. Jogoo huyo anajulikana Nachingwea nzima, maana amechorwa kwenye ukuta wa muuza nyama, na aliyemchora ni Dionisia, dada anayechora kuta za saluni na maduka. Sasa alikuwa amemchonga pia kwenye ubao wa mninga, akaupaka wino, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko.

"Nimetoa ishirini tu," Dionisia alimwambia mgeni huku akiandika pembeni kwa penseli: 5/20. "Zikiisha, zimeisha."

"Ndizo ninazokusanya," mgeni akajibu kwa furaha. "Kazi za wasanii wa mtaani, chache, zenye namba. Zikiwa nyingi hazina maana."

Rogath hakusikia neno "chache". Alichosikia ni kwamba kuna ubao, na kijiko anacho nyumbani.

Mgeni alipoondoka, akamfuata Dionisia na tabasamu lake la kukopea. "Dada, niazime huo ubao. Ruangwa watu wana hela za madini, hawajui wapeleke wapi. Nikawaonyeshe kazi yako, nikutangaze bure."

Dionisia alimtazama. Mwaka jana alimchorea huyu huyu bango la biashara ya vifaranga, akalipwa maneno matamu mpaka leo. "Acha pikipiki," akasema. "Ubao ukirudi mzima, utaondoka nayo."

Hapo Rogath alisita. Pikipiki ile ilitokana na korosho za marehemu mama yake, misimu mitatu mizima. Ndiyo iliyokuwa shamba lake na heshima yake, na bila hiyo asingekuwa na cha kumtofautisha na wazururaji wengine wa stendi. Lakini wiki moja ni nini? Makubaliano yakaandikwa, akatia sahihi, muuza nyama akawa shahidi, ufunguo ukabadilisha mkono.

"Ngoja nikusafishie," Dionisia akasema, akaingia ndani na ubao na patasi. Alitoka nao umefungwa vizuri kwenye kanga.

Ruangwa Rogath alianza na Mzee Bonifasi, dalali wa madini aliyekuwa anamalizia nyumba ya wageni. Akamkunjulia jogoo aliyemchapa na kumwandikia namba mwenyewe usiku uliopita, kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Saba ya ishirini," Bonifasi akasoma. "Kwa nini saba? Hao sita ni akina nani?"

"Watu wa Dar, mzee."

"Mimi nipange foleni nyuma ya watu wa Dar? Nataka ya kwanza."

Rogath akashusha sauti. "Ya kwanza ipo, mzee wangu, ila kuna mtu mkubwa ameiwekea mkono. Nikikupa wewe, mimi nitakuwa mgeni wa nani?"

Bonifasi akafungua droo. Hakuuliza tena habari za mtu mkubwa.

Kabla wiki haijaisha Rogath alikuwa amegundua kwamba Ruangwa nzima hakuna mtu wa saba, wala wa pili. Hata Mama Mwamina wa mgahawani, mtu mpole wa kupitiliza, aliuliza, "Niwe wa pili kwa nani, mwanangu?" Basi Rogath, ambaye hakupenda kumhuzunisha mteja, akasugua kijiko chake, akaghushi sahihi ya Dionisia, na kuwapa watu wanane nambari moja wote wanane. Kila mmoja alimpa na mawaidha: "Usiitundike sebuleni. Hii ni ya chumbani. Majirani wana macho."

Angeondoka Ijumaa. Lakini Jumamosi Mama Mwamina alikuwa anamtoa mwali wake unyagoni, akamwalika, na Rogath hajawahi kukataa pilau.

Hapa simtetei, kwa sababu kazaliwa na kukulia huku huku. Alijua kwamba mwali akitolewa, majirani huazimisha vitu vyao vizuri ili turubai lipendeze: makochi, mazulia, hata saa za ukutani. Kumnyima mama wa mwali ni kujitangazia uchoyo. Alilijua hilo tangu utotoni, ila wiki ile alikuwa na hela, na hela zinasahaulisha.

Aliingia na sahani yake mkononi. Kwenye pazia la mbele majogoo wanane wenye miwani walikuwa wamepangwa mstari mmoja, wanamtazama. Juu ya kiti, akibana wa nane, alikuwa Dionisia.

"Umemfahamu mpambaji wetu?" Mama Mwamina akamuuliza. "Ndiye aliyesema kila mwenye kitu kizuri chumbani akilete."

Bonifasi alikuwa anapita mbele ya picha, kidole juu. "Moja ya ishirini. Moja ya ishirini. Moja ya ishirini..." Alipofika mwisho akageuka. "Rogath! Katika ishirini, moja ziko ngapi?"

"Mzee, hao ni mapacha."

Mikono miwili ikamshika mkanda, na sahani ya pilau ikaenda kwa mwingine.

"Hesabuni vidole," Dionisia akasema kutoka juu ya kiti. "Jogoo wangu ana vinne kila mguu. Hawa wana vitatu. Nikimaliza kuchapa huwa naukata ubao mahali, ili atakayechapa baada yangu ajulikane. Kwenye huu nilikata vidole vya nyuma."

Watu wakahesabu. Rogath naye akahesabu, akapata vitatu. Amekula majogoo tangu apate meno, lakini hajawahi kumwangalia hata mmoja miguuni.

Hela zote zikarudi kwenye sinia, hadi za mfuko wa siri wa soksi. Bado Bonifasi hakutosheka. "Na ubao uchomwe, tujue mwisho wao."

Rogath aliukumbatia ubao. Kuuchoma ni kuchoma pikipiki. "Jamani, una mwenyewe!"

"Mwenyewe nipo," Dionisia akasema. "Sikatazi."

Rogath akauingiza kwa mkono wake chini ya sufuria ya pili. Mninga uliwaka vizuri, pilau ikaiva, na machozi yaliyomtoka alisema ni ya moshi.

"Kwa hiyo," Dionisia akasema taratibu, "majogoo wa vidole vitatu wako wanane tu duniani. Hawatatoka wengine."

Vichwa vyote vikageukia tena pazia la mbele.

"Wanane tu?" Bonifasi akauliza, akitafuta miwani yake.

"Wanane. Naweza kuwatilia sahihi yangu halisi. Moja ya nane, mbili ya nane..."

"Ya kwanza yangu!" zikapiga kelele sauti saba. Sinia likahamia mkobani kwa Dionisia, na nyongeza juu. Nambari moja alipewa Mama Mwamina, maana siku ilikuwa yake, na Bonifasi akaipokea ya pili kama mtu anayepokea dawa chungu.

Nje, Dionisia alikuwa tayari juu ya pikipiki nyekundu, inanguruma.

"Dada, ulikubali uchomwe!"

"Nilikubali uchomwe. Sikukubali usirudi." Akamwonyesha karatasi ya makubaliano, na sahihi ya muuza nyama. Halafu akamwonea huruma. "Panda, nikusogeze Nachingwea. Bure."

Rogath alipanda nyuma ya pikipiki yake, akiwa amekumbatia makopo ya rangi. Hawajafika mbali, mama mmoja mwenye furushi akanyoosha mkono barabarani. "Ruponda kiasi gani?"

Dionisia alisimama, akageuka kumtazama Rogath. Rogath akashuka mwenyewe, akamshikia yule mama furushi mpaka akakaa vizuri, akampatanishia nauli nzuri kabisa, maana kazi aliijua.