Kodi ya Kitanda kwa Mama Delphine

Mwaka 1954, Alexis Kalenga alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya Wazungu mjini Élisabethville, na hakuna gazeti lililofika mezani kwa mgeni kabla yeye hajalisoma. Asubuhi moja akasoma kwamba kila atakayelala hotelini atatozwa franka mbili kwa usiku, ili mji ujenge jumba la mikutano. Wengine waliona kodi. Alexis aliona riziki.

Akaomba ruhusa ya siku kumi kwenda kumzika mjomba, akavaa tai, akaenda mtaa wa Waafrika wa Cité Albert kwa Mama Delphine, mjane aliyepangisha vyumba sita kwa wasafiri wa treni.

«Mama, kodi ya kitanda imefika,» alisema kwa sauti ya padri. «Franga mbili, kila siku. Ni ya kujenga salle kubwa ya mikutano.»

«Anayelipa ni miye ao mugeni?»

«Mugeni,» alikiri Alexis, maana gazeti lilisema hivyo.

«Njo muzuri. Basi lala hapa, ubaombe weye mwenyewe bakiamuka.»

Alexis akalala, akala bukari na samaki, akakusanya. Wageni walilipa bila kinyongo, ila walipenda kuuliza hilo jumba litakuwaje. Siku ya kwanza lilikuwa na viti mia. Kufikia siku ya tisa lilikuwa na viti elfu, jukwaa, na choo cha ndani.

Siku ya kumi alikuwa akikunja shati lake, Mama Delphine akaingia na kufunga mlango.

«Musie Kalenga, ule mugeni Stanislas wa chumba cha pili iko karani wa ofisi ya kodi. Sasa anataka risiti ya muhuri.»

Alexis akakaa kitandani. «Anasema nini?»

«Hasemi. Anaandika.»

«Mama, unisaidie.»

«Acha franga hapa. Nitamwambia salle inaanza kujengwa. Weye pita mulango ya jikoni.»

Alexis akaacha kila senti, akapita jikoni bila hata kuaga.

Stanislas alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Kasenga. Alikuwa akimwandikia mke wake barua.

Mama Delphine akaendelea kuitoza ile kodi mwenyewe, akanunua bati na mbao, akaezeka ua wake, akapanga mabenchi. Watu wa Kasai wakaukodi kwa mikutano yao kila Jumapili, na harusi zikafuata. Ukumbi ulikwisha kujengwa, lakini kodi hakuiondoa. Aliona wageni wamekwisha kuizoea.