Diski Mgonjwa ya Asiya

Siraji aligundua utajiri wake kwa kusahau.

Ilikuwa mwaka jana, katika ofisi yake mjini Arua: chumba kimoja, meza, kompyuta ya kupakata na pazia la kijani. Alikuwa amepiga video ya harusi moja ya Koboko. Akaunganisha vipande, akatengeneza ukurasa wa mbele wenye majina ya maharusi, maua mawili yanayozunguka na vitufe vya kuchagulia: Nikaha, Chakula, Ngoma. Programu ikageuza kila kitu kuwa kile ambacho deki ya nyumbani inakielewa, naye akachoma DVD. Mwisho programu ikauliza kama aifunge diski. Siraji alikuwa akijibizana na mkewe, Kadijah, kwenye simu. Akabonyeza Hapana.

Diski isiyofungwa hucheza vizuri kwenye kompyuta iliyoichoma. Ukiitia kwenye deki ya sebuleni, deki hukoroma kidogo, kisha huandika kwamba hakuna diski. Mwenye harusi alirudi Arua mbio, jasho likimtoka, akidhani ameharibu mali ya watu. Siraji akaifunga kwa dakika mbili. Yule bwana akamshika mikono yote miwili, akamwombea dua, na kesho yake akamletea jogoo.

"Kumbe!" Siraji akajiambia. "Kazi nzuri inalipwa mara moja, mbovu mara mbili."

Tangu siku hiyo hakufunga tena diski ya mtu. Mteja akija kulalamika, aliishika diski kwa vidole viwili na kutikisa kichwa. "Hii iko na virusi ya mpaka," alisema. "Vumbi ya Congo inatoka huku, ya Sudan inatoka huku, diski itapona namna gani?" Dawa ilikuwa jogoo mmoja na kungoja siku mbili, maana ugonjwa unaopona haraka haumtajirishi mganga. Majogoo hakuwachinja. Alimfunga kila mmoja mguuni kitambaa alichokata kwenye lile pazia la kijani, akawaweka nyuma ya nyumba kungoja bei ya Idi. Walishafika kumi.

Ndipo ikaja harusi ya Asiya.

Asiya alilelewa Koboko na shangazi yake, Hasifa. Siku ya harusi Hasifa alikuwa amelazwa hospitalini, mguu umevunjika, akisikiliza vigelegele kwa simu. Jambo hilo lilimuuma kuliko mguu. Sasa Asiya alikuwa anaondoka Jumamosi kumfuata mumewe Juba, na Hasifa alitaka kitu kimoja tu: aketi na mwanawe huyo, waitazame harusi mwanzo hadi mwisho, aambiwe nani alicheza na nani alinuna. Jumanne diski ikaletwa. Deki ikaandika hakuna diski. Asiya akalia.

Hasifa hakulia. Aliigeuza diski tumbo juu, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Siraji hakujua, kwa kuwa hakuuliza, kwamba mama huyu alikata tiketi miaka kumi na miwili katika kibanda cha video cha marehemu mumewe. Aliliona lile duara lililokolea rangi, pale palipochomwa, likienda hadi karibu na ukingo.

"Harusi yako iko ndani yote," alisema. "Haikufungwa tu."

Akampigia Romano, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, ambaye diski ya komunyo ya binti yake iliponywa mwezi uliopita kwa jogoo mwekundu. Romano akamtajia mwingine, na huyo akataja mwingine. Ugonjwa uleule, daktari yuleyule. Baada ya hapo Hasifa akalainisha sauti na kumpigia daktari.

"Mwanangu Siraji, diski yetu iko mugonjwa."

"Pole, mama. Hiyo ni virusi ya mpaka. Tuma Arua, na jogoo moja."

"Moja? Huku watu kumi wanashika diski mukononi. Wewe kuja Alhamisi na mashine yako. Jogoo utakuta hapa."

Siraji akameza mate. "Kumi?"

"Kumi. Utaweza kulisha?"

"Mama, mimi niko na kumi ingine nyumbani, inakula mahindi tu inangoja Idi."

"Mashallah. Na nyumba iko upande gani, nielekeze dua?"

Siraji akamweleza njia yote, mpaka rangi ya mlango.

Alhamisi alifika Koboko na kompyuta begani na tenga kubwa tupu mkononi. Barazani watu walikuwa wamejaa mkekani, kila mtu na diski yake, na wote walikuwa wateja wake wa zamani. Mwongo mwingine angejiuliza diski alizozifunga kwa mkono wake zimeuguaje tena. Siraji alikuwa amehubiri virusi mwaka mzima, na sasa alikuwa ameanza kuviamini mwenyewe.

"Kula kwanza," alisema Hasifa kutoka kitini, mguu wake ukiwa juu ya stuli. "Asiya, chukua simu ya kaka yako Siraji, weka chaji."

Aliletewa mikate laini ya gurusa na mchuzi wa bamia. Akala, akaongezewa, akala. Mkeka ulikuwa na watu tisa alipofika, kama angehesabu. Wa kumi, Romano, aliingia sasa na bodaboda kutoka njia ya Arua, na matenga mawili yaliyofunikwa magunia. Ndani yake jogoo mmoja akawika.

Hawa ni wangu, Siraji alijisemea moyoni, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alisema kweli.

Akanawa, akaitia diski ya Asiya kwenye kompyuta. Maua mawili yakazunguka, ngoma ikalia, wanawake wakapiga vigelegele.

"Munaona? Harusi iko. Deki yenu ndio haiwezi."

"Kwa hiyo inacheza kwa hii mashine tu?" Hasifa aliuliza.

"Hii tu, mama. Dunia muzima."

"Sema tena, watu wasikie."

"Haki ya Mungu, hii tu!"

Hasifa akawageukia waliokaa. "Mumesikia. Sisi tulinunua harusi ya kutazama nyumbani. Kama inacheza kwa hii mashine tu, basi mashine ndio tulinunua. Asiya, peleka ndani."

Asiya akaikumbatia kompyuta. Siraji aliogopa kwelikweli. Ile ndiyo iliyokuwa shamba lake na jembe lake.

"Mama, ngoja! Naweza kutibu!"

"Siku mbili?"

"Hapana."

"Siku moja?"

"Dakika mbili," Siraji alisema, kwa sauti ndogo sana.

"Dakika mbili," Romano akarudia polepole. "Na jogoo yangu nyekundu?"

Siraji akaifunga diski pale mkekani, macho yote yakiwa kwenye vidole vyake. Deki ya sebuleni ikaimeza, ikakoroma, kisha majina ya maharusi yakatokea kwenye televisheni. Romano akafunua magunia. Kila mtu akainama na kumtoa jogoo wake, na kila jogoo alikuwa na kitambaa cha kijani mguuni.

Asiya akamrudishia simu. Kadijah alikuwa amepiga mara saba, na sasa alikuwa anapiga ya nane.

"Siraji, jogoo ilifika? Yule Romano alisema umepata tajiri munene wa kununua zote. Mutu ya heshima! Nikamuongezea hata jogoo yetu, ile nyeupe mama alinipa."

Siraji akachungulia kwenye tenga. Jogoo mweupe alikuwa amebaki peke yake, hana kitambaa.

"Hiyo ya nani?" Hasifa aliuliza.

"Yangu," alisema Siraji. "Walahi, mama, hiyo ni yangu kweli."

Watu walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

"Kama ni wewe unasema, basi haina mwenyewe," alisema Hasifa. "Wageni wamekaa tangu asubuhi. Chinjeni."

Wakati sufuria ikichemka, Hasifa na Asiya walikaa bega kwa bega mbele ya televisheni. Kwenye picha, katikati ya wanawake waliokuwa wakicheza, palionekana kiti kitupu chenye khanga nzuri juu yake. Asiya alikuwa amemkataza mtu yeyote kukikalia siku ile. Hasifa akakitazama, akalia waziwazi, akamvuta mwanawe kifuani. "Rudisha nyuma," alisema. "Nataka kuona tena."

Siraji alikuwa mlangoni, hajui aingie au aondoke. Kwa mwaka mzima hakuwahi kumwona mtu akitazama kazi yake.

"Wewe, kaa," Hasifa alimwambia bila kugeuka. "Umepiga vizuri."

Akakaa. Akaletewa sahani ya mchuzi, paja zima. Ulikuwa mtamu kupita kiasi, na walipomuuliza kama aongezewe, alikubali.