Toba Yangu Kuhusu Madigadi ya Vidole Vitatu

Ng'ambo, Tabora
11 Februari 1975

Ndugu Katibu Masolwa,
Ushirika wa Mafundi Baiskeli Tuelewane.

Naomba uisome barua hii umekaa, maana ni ya toba na toba yangu ni ndefu. Mimi ni Mfaume Nassibu, fundi wa kibanda cha tatu. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo ukikuta kosa la kalamu nisamehe. Makosa mengine ndiyo unihukumu.

Nakiri kwamba mwaka jana nilimtengenezea mama Pelagia, mkunga wa Kigwa, baiskeli isiyofanana na za wenzake. Nilikata uma nikaupanua, nikauunga tena kwa shaba, nikavisha ringi na tairi pana za pikipiki ndogo, nikainua madigadi mpaka vidole vyangu vitatu vikapita kati yake na tairi. Kwenye baiskeli ya dukani hapitishi mtu hata kidole kimoja. Jumatatu ya wiki iliyopita alipoileta mjini nimkazie spoki, wewe ukaichukua ukaifungia stoo, kwa azimio la kikao chetu: baiskeli zote ziwe sawa, tairi namna moja, madigadi namna moja. Nilikusikia ukimwambia, "Mama, madigadi yako imekaa mbali na tairi kama mke aliyenuna." Watu wakacheka. Pelagia hakucheka. Alisema, "Haya Katibu, watoto wa Kigwa nitawaambia wasizaliwe mpaka kikao," akaenda zake stesheni.

Sasa nayataja makosa yangu moja moja.

1. Nimelidhulumu tope. Tope la mbuga lina kazi yake: linaingia chini ya madigadi, linakaza, gurudumu linagoma, mwananchi anashuka anachokoa na kijiti. Wakati anachokoa anapumzika, anatafakari siasa ya nchi. Mimi nimemnyima Pelagia nafasi hiyo. Kwake tope linapita tu, kama mgeni asiyekaribishwa chai.

2. Nimeharibu utaratibu wa kuchelewa. Mwezi wa kumi na mbili Pelagia alifika kwa mke wa Masele kabla ya mtoto. Zamani alikuwa anakuta mtoto ameshazaliwa, au ameshazikwa, na hakuna aliyenung'unika. Sasa watu wa Kigwa wamezoea vibaya. Wanamtegemea.

3. Njia hii ya Kigwa, mchanga kiangazi na tope masika, mababu zetu waliipita na meno ya tembo begani mpaka pwani, na sijasikia hata mmoja aliyedai tairi. Kumpa mwanamke mmoja tairi pana ni kuwatukana wapagazi wote, na wengine ni ndugu zako.

4. Hapa ndipo ninapolalamika, Ndugu Katibu. Kama upana ni ubepari, kwa nini tuishie kwenye baiskeli? Masele niliyemtaja anavaa katambuga alizokata kwenye tairi ya lori, na hazami popote. Zipunguzwe. Bata nao wana nyayo pana, wanapita topeni huku wakituangalia. Wakaguliwe. Na ile Landrova inayokuja kukuchukua kwenda semina naomba ivishwe tairi za baiskeli, ili na wewe usibaguliwe.

5. Hata tukifanya hayo yote, bado kuna watakaokwama mapema na watakaokwama baadaye, na huo si usawa. Kwa hiyo napendekeza baiskeli zote za wilaya zifungiwe stoo pamoja na ya Pelagia. Wajawazito watangaziwe wawe wanazaa kiangazi. Mimi nimeshaanza kutekeleza: binti yangu Sikuzani ameolewa hukohuko Kigwa, nyumba yake iko upande wa pili wa mbuga, na mwezi wake ndio huu. Nimemtumia salamu avute subira mpaka Juni, ardhi ikauke.

Basi nimetubu, sitarudia. Nisalimie mama watoto, Mwanajuma. Mzee wako mpe shikamoo yangu. Wasalimie wajumbe wote, na mlinzi wa stoo pia, ambaye nasikia kila jioni anaiendesha ile baiskeli uani ili isishike kutu.

Ni mimi mkosefu uliyemwongoa,
Fundi Mfaume Nassibu

Baada ya kutia sahihi:

Nimeirudia kuisoma barua hii, na haina haki. Nimekusema wewe peke yako. Siku ya kikao ulipouliza nani anaafiki, mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wangu. Hukunilazimisha. Niliogopa mtaniita bepari wa tairi pana, nikawahi. Wenzangu walipoona fundi mwenyewe amenyoosha, nao wakanyoosha. Kwa hiyo lile azimio ni langu kuliko lako, na haya yote niliyoandika juu nilistahili kuandikiwa mimi.

Mkwe wangu ameshuka treni sasa hivi. Anasema Sikuzani amevimba miguu na macho yanaona giza. Pelagia jana alimfuata kwa miguu, tope likamrudisha njiani. Treni ya kurudi ni kesho asubuhi, na baiskeli lazima ipande.

Ndugu yangu, naushusha mkono wangu. Fungua stoo alfajiri. Usipofungua utanikuta pale na tupa, nakata kufuli kwa mkono huohuo.

M.N.