Mgeni Aliyepiga Hodi Mara Kumi na Moja

Jumamosi, 12 Julai

Leo nimekabidhiwa ulinzi wa chuo kikuu. Si chote, lakini kwa kuanzia panatosha. Simu ya Muzdalifa, binti wa marehemu kaka yangu tunayeishi naye hapa Mkunazini, imetumbukia kwenye beseni la nguo, na fundi wa Darajani kaizika ndani ya mchele kwa wiki nzima. Akaunti yake ya chuo ina milango miwili. Wa kwanza hufunguka kwa neno la siri. Wa pili hugonga kwenye simu: kuna mtu anataka kuingia, Ndiyo au Hapana? Kuanzia leo unagonga kwangu.

Kanisomesha mara tatu: Ami, ntakupigia kwanza kwa simu ya mwenzangu, ndipo ubonyeze Ndiyo. Bila ya hivyo, Hapana. Alhamisi saa sita mchana ndiyo mwisho wa kupeleka ripoti yake ya kumalizia chuo, na inapita mlango huo huo. Akikosa, anarudia mwaka. Nikamwambia asihofu. Mimi niliwahi kulinda meli ya Wagiriki bandarini kwa fagio tu, na fagio lenyewe bovu. Mke wangu Mwanakheri akasema nimechaguliwa kwa sababu simu yake yeye ilikuwa haina chaji. Wivu.

Jumapili, 13 Julai

Mpaka adhuhuri hakugonga mtu. Nimeitazama simu hadi shingo imekaza.

Barazani nikatangaza cheo changu. Haroub, ambaye mwaka wa ishirini huu anajivunia kushika ufunguo wa stoo ya masufuria ya harusi, akauliza nimeshaombwa na watu wangapi. Nikamjibu bado. Akasema mlango usiogongwa huo ni ukuta. Wakacheka wote, hata muuza kahawa, ambaye namfanyia hisani kuinywa kahawa yake.

Nikamsihi Muzdalifa aingie saa kumi, watu wakiwapo. Kakubali shingo upande. Simu ikalia. Nikaipitisha kila mtu aione. Ilipofika kwa Haroub, anayesoma kwa kidole, muda ukapita, ombi likafutika. Muzdalifa kapiga kuuliza kulikoni. Nikamjibu kuwa bawabu mwenye heshima zake haukimbilii mlango.

Jumatatu, 14 Julai

Siku kubwa. Nimetoka nyumbani nimemwacha Muzdalifa na Mwanakheri wanachagua mchele. Kufika barazani, simu ikagonga. Hajanipigia. Hapana. Ikagonga tena. Hapana.

Kwa desturi yetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa, unakwenda zako. Huyu kafika sita. Saba. Nane. Na simu inaonyesha anatoka mji wenye jina refu lisilotamkika. Nikasema huyo mwizi.

Haroub akavuta kahawa kwa sauti. Akasema mwizi hapigi hodi, mwizi anaruka ukuta. Huyo ni mgeni, katoka mbali, yupo juani. Lakini nyinyi watu wa Mkokotoni mnajulikana, mgeni akitokea mnafunika chungu.

Baraza likaguna. Mimi! Marehemu baba yangu alilisha watu arobaini kwa pweza mmoja, na wakabakisha. Nikavumilia ya tisa. Nikavumilia ya kumi. Ya kumi na moja nikabonyeza Ndiyo, nikasema karibu, kwa sauti, Haroub asikie.

Jumanne, 15 Julai

Mgeni kabadilisha kufuli. Muzdalifa hawezi kuingia kwake, na ripoti imo ndani.

Si hilo tu. Kwa jina la Muzdalifa, mgeni kawaandikia walimu wote barua ya kuwauzia dawa ya kuotesha nywele. Wa kwanza kuisoma ni Dokta Wakil, msimamizi wake, ambaye kichwa chake unaweza kukitumia kwa kioo ukajifunga kilemba.

Muzdalifa hakunigombeza. Kakaa kwenye ngazi, kajifunika uso kwa mtandio. Bora angenigombeza. Chai imekuja haina sukari. Nikamweleza Mwanakheri kwamba mwenye kosa ni mgeni, hana adabu. Akaondoa na mkate.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda na Muzdalifa ofisi ya kompyuta ya chuo. Bi Nadhira, mkubwa wa pale, akaniuliza kama nilimjua aliyekuwa akiomba kuingia. Nikamjibu ningemjua angejiingilia tu, hodi ni ya watu usiowajua. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

Kamtoa mgeni, kabadilisha na neno la siri lililoibiwa. Ripoti nzima, haijaguswa. Lakini simu yangu kaikataa mbele ya watu, mlango wa pili kauweka kwenye simu ya Mwanakheri.

Kisha nikapelekwa kwa Dokta Wakil kuomba radhi. Kanisikiliza hadi mwisho. Akainuka, akafunga mlango, akaniuliza polepole ile dawa inafanya kazi? Nikamwambia mimi mwenyewe nilikuwa na upara mpaka mwaka jana.

Alhamisi, 17 Julai

Saa tano na nusu Muzdalifa kapiga kutoka maktaba. Simu ya mke wangu ikagonga. Mwanakheri akabonyeza Hapana. Eti sauti haikumtulia. Akamuuliza jina la bibi yake mzaa baba. Akajibiwa. Akamuuliza juzi tulikula nini. Muhogo wa nazi, kasema Muzdalifa. Mwanakheri akakumbuka muhogo ulikuwa Jumapili. Hapana ya pili.

Saa sita kasorobo. Nikasimama, nikasema mke wangu, huyo ni yeye, mimi shahidi. Akanijibu ushahidi wangu haupokelewi tena nyumba hii. Kwenye simu Muzdalifa kashaanza kulia. Kilio Mwanakheri akakitambua. Saa sita kasoro dakika nne, Ndiyo. Ripoti ikaenda.

Nami machozi yalinitoka. Jirani alikuwa akikata vitunguu.

Ijumaa, 18 Julai

Baada ya sala nimewahadithia barazani jinsi nilivyomwingiza mwizi makusudi ili nimnase ndani. Alasiri Haroub kaja kwangu peke yake, simu mkononi, jasho linamtoka. Kumbe kamng'ang'ania mwanawe Hamad, anayesoma chuo hicho hicho, mpaka mlango wake wa pili ukahamishiwa kwa baba. Sasa unagonga, na Hamad yupo nyumbani kalala. Haroub hajui afanyeje. Kaja kwa mwenye uzoefu.

Nikamkalisha. Nikamwambia haya mambo yana elimu yake, na mimi nishaipata kwa shida. Kosa langu la Jumatatu lilikuwa haraka. Hodi kumi na moja hazitoshi kumjua mtu.

Tukahesabu pamoja, Hapana baada ya Hapana. Ilipogonga ya kumi na mbili, nikamshika Haroub kidole, tukamkaribisha.