Kigari cha Pembeni na Mama Mkwe

Jumatano, 1 Agosti 1951. Emali.
Habari tamu! Shee mwenye duka, mkuu wa mbio zetu za pikipiki, katusomea gazeti. Huko Ulaya wamebadili daraja la pikipiki zenye kigari cha pembeni. Zamani injini ya cc 600 iliruhusiwa. Sasa mwisho 500. Shee akasema na sisi tufuate, tusionekane washamba. Pikipiki ya Othman fundi ni 600. Nje! Yangu ni 500. Nimebaki peke yangu katika daraja hilo! Nikifika tu mwisho, beberu wa zawadi ni wangu. Nimemwambia Othman mbele ya soko zima: nikimkosa beberu, nitaosha pikipiki yake hapo hapo. Kacheka. Acha acheke.

Alhamisi.
Kumbe kigari lazima kiwe na abiria. Nimewaomba jirani zangu. Musyoka kasema ana watoto wadogo. Nzuki hana watoto. Kasema anataka kuwapata.

Ijumaa.
Mke wangu Nzilani kaniletea abiria. Mama yake! Mama mkwe Kalondu, ambaye hata nikimwona njiani mimi huingia kichakani kwa heshima. Nzilani kasema niache woga: kigari kiko kushoto, nitazame kulia tu. Nilioa vizuri.

Jumamosi.
Siku ya mbio, mwisho sokoni. Nilitazama kulia mwendo wote. Adabu kamili! Mama mkwe naye hanisemeshi. Alikuwa akimwambia kuku aliyempakata.
“Kuku, mwambie baba Mutunga sokoni ni kushoto!”
Nikamjibu kuku kwamba barabara hii naijua. Tulipofika njia panda nikakata kona niliyoiona. Ya kulia. Barabara ya Loitokitok! Petroli ikatuishia kwa Wamaasai.
“Kuku,” akasema mama mkwe, “unasikia kimya hicho?”
Akambadilisha kuku kwa kibuyu cha samli. Tukarudi na lori, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na ngozi mbichi. Heshima haikuvunjika.

Jumatatu.
Nimeosha pikipiki ya Othman, soko zima likinielekeza palipobaki matope. Kamati ya mbio wamemchinja beberu, lakini supu wamenipa. Supu tamu sana! Mama mkwe katuma neno kupitia Nzilani: mwakani anataka tena, na atakuja na kuku wawili.
Dawa nimeshaipata. Kigari nitakihamishia kulia. Nitatazama kushoto mwendo wote, na ile kona hainipiti tena! Nikishindwa, nimemwahidi Othman, nitamwoshea hata punda wake.
Kauliza, na kona za kulia je? Nimemwambia asinichanganye.